Mlinzi wa Geti wa Lionel
Kazi yangu ni kusuka koili za mota, kwa hiyo kichezeo hiki nakiheshimu kifundi. Mwaka 1935 kampuni ya Lionel ya Marekani ilitoa kibanda cha mlinzi wa njia-panda ya reli. Treni ikikaribia, mlango unafunguka, mzee wa watu anatoka na taa mkononi. Ikipita, anarudi ndani. Mota hamna. Uzito wa treni unakandamiza swichi iliyo chini ya reli, umeme unaingia kwenye koili, koili inavuta kipande cha chuma, nacho kinasukuma wenzo unaomtoa mtu nje. Basi!

Mwaka 1947 likaja behewa la maziwa: bonyeza kitufe, mtu anasukuma makopo jukwaani. Liliuzwa sana.

Mimi lakini navutiwa zaidi na ng'ombe wa kuchezea wa Lionel wa 1949. Hao hawavutwi. Umeme wa Marekani huenda mizunguko 60 kwa sekunde, na koili inautumia kutetemesha sakafu. Ng'ombe wanasogea wenyewe, kidogo kidogo, kutoka zizini hadi ndani ya behewa lao. Pengine mmoja huanguka mlangoni na kuwazuia wenzake, kama josho la kijijini siku ya mnada.