Mvinyo wa Woodinville na Maji ya Snoqualmie

Katika mji wa Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani, kuna biashara ya matembezi ambayo mgeni mwenye fedha zake haikosi. Gari humfuata hotelini asubuhi, yeye na jamaa zake peke yao, bila kuchanganywa na wageni wengine. Dereva ndiye huyo huyo kiongozi na msimulizi. Wanaelekea mashariki kiasi cha kilomita 45, wanafika kwenye maporomoko ya Snoqualmie, wanatazama, wanapiga picha. Kisha gari linageuzwa kuelekea mji mdogo wa Woodinville, na huko kazi ni kuonja mvinyo, glasi hii baada ya ile, mpaka jua linapoanza kuinama. Jioni mgeni yuko hotelini kwake. Asubuhi maji, alasiri mvinyo.

Mimi sina ugomvi na matembezi hayo. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kutazama maji yakianguka, na kama dini yake inamruhusu, ya kuonja anachotaka. Ninachotaka tukizungumze wiki hii ni kwamba vitu hivyo viwili, ambavyo vinauzwa pamoja kana kwamba vimekutanishwa na barabara tu, vina historia moja. Historia hiyo ni ya maji: nani aliyachukua, kwa ruhusa ya nani, na nani aliambiwa asogee pembeni.

Tuanze na maporomoko. Mto Snoqualmie unateremka kutoka milima ya Cascade, na ukifika pale unaanguka mita 82 kwa mkupuo mmoja. Kwa kimo unayapita hata maporomoko ya Niagara ambayo jina lake limeenea dunia nzima. Watu wapatao milioni moja na nusu hufika kuyaona kila mwaka. Lakini kwa watu wa kabila la Snoqualmie, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaweka wote katika kapu moja la “Wahindi Wekundu”, pale si mahali pa picha. Mapokeo yao yanasema kwamba Mwezi, yule aliyeugeuza ulimwengu ukawa kama tunavyouona leo, ndiye aliyefanya maporomoko hayo kutokana na uzio wa kunasia samaki, mfano wa wando wa wavuvi wetu wa pwani. Na yale manyunyu yanayopanda juu kutoka chini ya poromoko ndiyo yanayobeba dua zao kwa Muumba. Naomba msomaji ayakumbuke hayo manyunyu, maana yatatufikisha mahakamani.

Tarehe 22 Januari 1855, mahali paitwapo Mukilteo, gavana Isaac Stevens aliwakusanya wakuu wa makabila ya eneo hilo, wakatia alama zao kwenye Mkataba wa Point Elliott. Mkuu Patkanim alitia alama yake kwa niaba ya Wasnoqualmie. Kwa mkataba huo makabila yalitoa ardhi kubwa mno, nayo yakaahidiwa haki ya kuvua samaki mahali walipozoea, pamoja na maeneo ya kukaa. Wasnoqualmie hawakutengewa eneo katika bonde lao wenyewe. Walitakiwa wahamie Tulalip, mbali na mto wao. Wengi hawakwenda. Walibaki, wakawa wageni katika nyumba yao.

Tukifika mwaka 1889 tunakuta jambo la kuchekesha kidogo. Reli iliyotoka Seattle ilifika Snoqualmie mwaka huo, na bila kuchelewa wenyeji wa mjini wakaanza kupanda treni kwenda kushangaa maporomoko na kurudi siku hiyo hiyo. Treni yenyewe ilipitia Woodinville! Yaani njia anayopitishwa mtalii wa leo ndani ya gari lenye viti vya ngozi ilikwisha kuchorwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Na hata kinywaji kilikuwapo, ingawa kwa namna yake. Juu ya maporomoko kulikuwa na shamba kubwa sana la hopsi, mmea unaoipa bia uchungu wake, na wakati wa mavuno waliochuma walikuwa wenyeji wa asili, Wasnoqualmie wakiwamo. Wageni wa mjini walikuja kutazama maporomoko, na wakatazama pia wachumaji. Mwenye ardhi alikuwa amegeuka kibarua, na kibarua amegeuka kivutio cha watalii. Shamba lile halikudumu. Wadudu na kuanguka kwa bei vililimaliza kabla ya karne kwisha.

Aliyefuata hakutaka kutazama, alitaka kutumia. Mhandisi Charles Baker, akisaidiwa na fedha za baba yake tajiri wa Chicago, alichimba ndani ya mwamba, kando ya maporomoko yenyewe, mpaka kina cha mita 82 hivi. Huko chini akatengeneza ukumbi akaweka mitambo ya kufua umeme. Mwaka 1899 umeme ulianza kutoka, ukapelekwa Seattle na Tacoma. Wataalamu wanausifu kuwa mtambo wa kwanza duniani wa umeme wa maji uliojengwa wote chini ya ardhi, na kwa kweli ni kazi ya kusifiwa. Mwaka 1910 ukaongezwa mtambo wa pili. Lakini maji yanayozungusha mitambo huchukuliwa mtoni kabla hayajaanguka. Kila lita inayopita shimoni ni lita isiyopita hewani. Majira ya mvua na ya theluji kuyeyuka mtazamaji hataona tofauti. Kiangazi, mto ukiwa umepungua, poromoko hukonda, na manyunyu hukonda nalo.

Sasa msomaji anaona mzozo unakotoka. Kampuni ilikuwa inahesabu kilowati. Kabila lilikuwa linahesabu kitu kingine kisicho na mita ya kukipimia.

Na kwa miaka mingi kabila halikuwa hata na mdomo wa kusemea. Mwaka 1953 serikali ya Marekani iliacha kuwatambua Wasnoqualmie kuwa ni kabila, kwa hoja kwamba hawana eneo lao lililotengwa. Hebu tuitazame hoja hiyo vizuri: kwanza unamnyima mtu kiwanja, halafu unamwambia kwamba kwa kuwa hana kiwanja basi hayupo. Walihangaika na ofisi, na makaratasi, na mawakili, mpaka mwaka 1999 ndipo wakatambuliwa tena. Miaka 46 si michache. Wazee walioanza shauri hilo si wote waliouona mwisho wake.

Mwaka 2004 serikali iliipa kampuni ya umeme kibali kipya cha kuendesha mitambo, pamoja na masharti ya kiasi cha maji yanayopaswa kuachwa yaanguke. Kabila lilikwenda mahakamani likidai kwamba kuyapunguza maji ni kuingilia ibada yao. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ilitoa hukumu: kibali kinabaki. Majaji walisema, kwa lugha yetu nyepesi, kwamba serikali haikuwalazimisha kuiacha imani yao wala haikuwaadhibu kwa kuifuata, kwa hiyo sheria ya kulinda dini haikuvunjwa. Kisheria pengine ni sawa, mimi si mwanasheria. Ila najiuliza mahakama ingesema nini kama mto huo ungekuwa unapita ndani ya kanisa.

Tumwache mtalii apande gari, tumfuate Woodinville. Huko anakaribishwa kwenye jumba la fahari la mtindo wa Kifaransa, Chateau Ste. Michelle, lililofunguliwa mwaka 1976 katika ardhi iliyokuwa ya Frederick Stimson, tajiri wa mbao. Kuzunguka mji huo kuna vyumba vya kuonjea mvinyo zaidi ya mia. Mgeni anaangalia bustani, anainusa glasi, anaamini yuko shambani. Kumbe zabibu hazitoki hapo! Upande huo wa milima ni wa mvua na mawingu, na mizabibu michache inayoonekana ni ya kupendezesha macho zaidi. Zabibu zenyewe husafirishwa kutoka ng’ambo ya milima ya Cascade, zaidi ya kilomita 200, katika nchi kavu ambayo mawingu huifikia yakiwa yamekwisha kumwaga mzigo wao. Mvua yake kwa mwaka, sehemu nyingi, ni milimita 200 tu. Dodoma, ambayo sisi tunaiita nchi ya ukame na ambayo nayo inalima zabibu, hupata zaidi ya mara mbili ya hizo.

Mvinyo huo nao haukuanza na fahari. Jimbo la Washington lilipiga marufuku pombe tangu tarehe 1 Januari 1916, miaka minne kabla ya nchi nzima, na marufuku ilipoondolewa mwaka 1933 viwanda vilivyoanza vilitengeneza zaidi vinywaji vitamu vya matunda. Mtaalamu wa kilimo Walter Clore, aliyefika kituo cha utafiti cha Prosser mwaka 1937, ndiye aliyetumia miongo mingi kuonyesha kwamba mizabibu ya Ulaya inaweza kustawi katika nchi kavu ile. Mwaka 1974 mvinyo mweupe wa Ste. Michelle ulishika nafasi ya kwanza katika uonjaji uliofanywa na gazeti la Los Angeles Times, waonjaji wakiwa hawajui wanaonja cha nani. Kuanzia hapo hesabu zikabadilika. Leo Washington ni ya pili kwa mvinyo katika Marekani, nyuma ya California.

Lakini inastawi kwa maji gani, kama mvua haipo? Kwa mifereji. Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Juu milimani kuna njia ya kuvukia iitwayo Snoqualmie Pass. Theluji inayoyeyuka upande wa magharibi huingia mto Snoqualmie na kuishia kwenye maporomoko. Inayoyeyuka upande wa mashariki huingia ziwa Keechelus, ambako mto Yakima unaanzia, na mto huo ndio unaonywesha mashamba ya bonde la Yakima, mizabibu ikiwamo. Mlima ni mmoja, theluji ni moja. Mtalii anatazama nusu moja asubuhi na pengine anainywa nusu ya pili alasiri, wala hakuna aliyemwambia.

Upande wa mashariki nako kulikuwa na wenyewe. Gavana yule yule, Stevens, mwaka ule ule wa 1855, mwezi Juni, alitia saini mkataba na Wayakama. Nao waliahidiwa samaki wao. Kuanzia mwaka 1905 serikali kuu ikaanzisha mradi mkubwa wa umwagiliaji, na maziwa ya milimani yakazibwa yawe maghala ya maji. Ukuta wa Keechelus ulikamilika mwaka 1917. Kuta hizo hazikuachiwa njia ya samaki. Aina ya samoni waliokuwa wakipanda kwenda kuzaa katika maziwa hayo walikwisha kabisa katika mto huo. Wayakama wenyewe ndio walioanza kuwarudisha, mwaka 2009.

Mashamba mengine, kaskazini zaidi, hunyweshwa maji ya mto Columbia yanayopandishwa kwa pampu kutoka nyuma ya bwawa la Grand Coulee. Bwawa hilo lilizamisha maporomoko mengine, Kettle Falls, ambako makabila mengi yalikutana kuvua kwa maelfu ya miaka. Mwezi Juni 1940, kabla maji hayajapanda, watu wa makabila hayo walikusanyika pale siku tatu kuyaaga. Mkusanyiko huo unakumbukwa kwa jina la Sherehe ya Machozi. Maporomoko ya Snoqualmie yana bahati kwamba bado yanaonekana. Sitaki kumwonea mlimaji wa zabibu, kwa sababu mabwawa yale yalijengwa kwa ajili ya umeme, ngano, viazi na tufaha pia, na yalijengwa mzabibu ukiwa si kitu. Hata hivyo mvinyo ndio unaouzwa kwa sifa ya mahali ulipotoka, udongo wake, jua lake, upepo wake. Basi na maji yake yatajwe.

Kesi ya kugawana maji ya bonde la Yakima ilifunguliwa mwaka 1977. Ndani yake mahakama ilikubali kwamba haki ya Wayakama ya maji kwa ajili ya samaki inatangulia haki za wengine wote, kwa sababu ni ya tangu enzi zisizo na kumbukumbu. Kesi ilifungwa mwaka 2019, baada ya miaka 42.

Mwaka huo huo wa 2019, upande wa pili wa milima, Wasnoqualmie walinunua hoteli iliyojengwa ukingoni mwa maporomoko yao, pamoja na ekari 45 hivi za ardhi, kwa dola milioni 125. Kasino yao, waliyoifungua mwaka 2008, ilikuwa imekwisha kuwapa uwezo. Kwanza walichofanya ni kusimamisha mpango wa ujenzi mpya uliokuwa umekusudiwa karibu na hapo. Kwa hiyo mtalii anayesimama kwenye kibaraza cha hoteli hiyo sasa amesimama kwa mwenyeji. Mitambo iliyo chini ya miguu yake haikuwa sehemu ya mauzo hayo. Hiyo ilibaki mali ya kampuni ya umeme, na maji yanaendelea kugawanywa juu ya ukingo, haya ya kuanguka na yale ya shimoni.