Mchuzi wa Sushi na Historia ya Subira

Neno soya, ambalo mkulima wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania hulitumia kwa maharage yake, halikuzaliwa shambani. Lilizaliwa jikoni. Asili yake ni shoyu, jina ambalo Wajapani huuita mchuzi mweusi wa chumvi. Waholanzi waliofanya biashara Nagasaki katika karne ya 17 walilichukua neno hilo pamoja na mapipa ya mchuzi, wakalitamka kwa ulimi wao, na hatimaye watu wa Ulaya wakaupa mmea jina la mchuzi uliotokana nao. Hivyo mtoto alimpa mzazi jina. Ajabu hiyo yafaa kuwa mlango wa kuingilia habari za kisahani kidogo ambamo mlaji wa sushi huchovya tonge lake. Mwenye kukitazama kisahani hicho kwa haraka hudhani kuwa sushi na shoyu ni ndugu wa tumbo moja. Historia yasema vingine.

Sushi ya kwanza haikuhitaji mchuzi, kwa sababu ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki. Kandokando ya ziwa Biwa, hata leo, samaki aitwaye funa huwekwa katika chumvi kwa miezi, kisha hupangwa ndani ya pipa pamoja na wali na kugandamizwa kwa mawe. Wali huchachuka, na uchachu wake humzuia samaki asioze. Baada ya muda mrefu, pengine mwaka mzima au zaidi, samaki huliwa, na wali uliolainika kama uji kwa kawaida hutupwa. Chakula cha namna hiyo kina chumvi yake na ukali wake. Kukichovya katika mchuzi kungekuwa kama kutia maji mtoni.

Karne zilivyopita, watu walipunguza muda wa kungoja. Wali ukaanza kuliwa pamoja na samaki, na katika zama za Edo, yaani kati ya mwaka 1603 na 1868, wapishi wakautia siki ili upate uchachu bila kuchachuka. Katika miaka ya 1820, katika mji wa Edo ambao sasa ni Tokyo, yakaenea matonge ya wali yaliyofinywa kwa mkono na kuwekewa kipande cha samaki juu yake. Sifa ya kueneza mtindo huo hupewa Hanaya Yohei, aliyeishi kati ya mwaka 1799 na 1858. Kazi ya miezi ikawa kazi ya dakika. Walakini muda ulipoondoka katika samaki, uliondoka pamoja na ladha yake. Ladha ambayo zamani ilipikwa na siku ndani ya pipa la samaki sasa ilipaswa kuletwa kutoka nje. Hapo ndipo mchuzi ulipopata kazi kubwa.

Mchuzi wa kuchovyea samaki mbichi ulikuwapo tayari majumbani, nao uliitwa irizake. Kitabu cha mapishi kiitwacho Ryori Monogatari, kilichochapwa mwaka 1643, chaeleza namna ya kuutengeneza. Mpishi huchukua kipimo kimoja cha katsuobushi, yaani nyama ya samaki wa jamaa ya jodari iliyokaushwa kwa moshi hata ikawa ngumu kama mti, kisha ikaparuzwa. Huongeza matunda ya ume 15 au 20 yaliyotiwa chumvi, vipimo viwili vya sake iliyokaa, na maji na tamari kidogo. Huchemsha vyote hata vibaki kipimo kimoja, kisha huchuja na kupoza. Mchuzi huo una rangi nyepesi, chumvi ya wastani na uchachu wa matunda, na haumfuniki samaki mweupe ladha yake. Kasoro yake ni kwamba haudumu siku nyingi, na sake haikuwa kitu cha bure. Nyumba ya kimaskini haikuweza kuutengeneza kila siku.

Shoyu nayo ilikuwa na nasaba ndefu. Uchina ulijua tangu kale kuchachusha maharage na nafaka kwa chumvi, na huko Japani sheria za Taiho za mwaka 701 ziliweka ofisi ya kusimamia vitoweo vya namna hiyo katika jumba la mfalme. Masimulizi ya mji wa Yuasa, katika nchi ya Kii, husema kwamba mtawa Kakushin alirudi kutoka Uchina mwaka 1254 na ujuzi wa kutengeneza miso, na kwamba watu walipoonja maji yaliyokusanyika ndani ya pipa waliyaona matamu kuliko miso yenyewe. Iwe ni habari ya kweli au ya kupambwa, Yuasa ukawa mji wa shoyu, na watu wa Kii wakaupeleka ufundi huo mashariki. Hamaguchi Gihei wa Kii aliufungua mwaka 1645 huko Choshi, mahali ambapo mto Tone huingia baharini. Noda, mji wa bara ulio katika njia za mito hiyo hiyo, ukashika kazi hiyo pia. Mashua zilipeleka mapipa Edo kwa njia ya maji, na kufikia miaka ya 1820 sehemu kubwa kabisa ya shoyu iliyoliwa Edo ilitoka katika nchi za jirani.

Hivyo tonge la haraka na mchuzi wa bei nafuu vilikutana katika mji mmoja na kizazi kimoja. Irizake ikarudi nyuma, shoyu ikakaa mezani. Wapishi wa Edo walikiroweka kipande cha jodari katika shoyu ili kisiharibike mapema, wakauita ufundi huo zuke. Wengine walichemsha shoyu pamoja na sake na mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele, wakaupaka mchuzi huo juu ya tonge kwa brashi. Huo ndio nikiri. Mkunga wa baharini akapakwa mchuzi mzito uliopikwa kwa maji aliyochemshiwa.

Sasa yafaa kuuliza shoyu yenyewe hutengenezwaje. Maharage ya soya huchomwa kwa mvuke, ngano hukaangwa na kupondwa, na vyote hupandwa ukungu uitwao koji. Baada ya siku tatu hivi mchanganyiko hutiwa katika maji ya chumvi, nao hukaa miezi sita, mwaka, au hata zaidi, huku ukikorogwa mara kwa mara. Kisha hukamuliwa kwa vitambaa na kupashwa moto. Hapa siri ya kisahani hudhihirika. Muda uliotolewa katika pipa la samaki haukupotea; ulihamishiwa katika pipa la mchuzi. Mlaji wa Edo aliyesimama kibandani na kula kwa dakika tano alikuwa akila mwaka mzima wa kungoja, ila mwenye kungoja alikuwa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa nani? Katika vijiji vingi alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa maana jamaa za wakulima zilijitengenezea shoyu na miso hata baada ya viwanda kuanza. Kodi ya shoyu iliyorudishwa mwaka 1885 ilidumu mpaka 1926, na hata waliojitengenezea kwa matumizi ya nyumbani hawakuachwa. Mijini mwenye kungoja alikuwa mfanyakazi. Mwaka 1917 jamaa za Mogi, Takanashi na Horikiri za Noda ziliunganisha kazi zao kuwa kampuni moja, ambayo baadaye ilijulikana duniani kwa jina la Kikkoman. Mwezi wa Septemba 1927 wafanyakazi wa Noda waligoma, na mgomo ukadumu zaidi ya miezi saba, hata Aprili 1928. Haukuwa na mfano kwa urefu katika Japani ya kabla ya vita. Wengi wa waliogoma hawakurudishwa kazini. Subira iliyomo ndani ya mchuzi, basi, haikuwa ya ukungu peke yake. Ilikuwa pia ya mikono iliyokoroga mapipa.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Nchi ilikuwa na njaa, na soya iliyopatikana ilitoka Marekani kwa kugawiwa na utawala wa jeshi lililoikalia Japani. Palikuwa na njia nyingine ya kupata maji meusi yenye ladha ya nyama: kuichemsha protini ya soya katika asidi kali na kuipoza ukali kwa magadi. Kazi hiyo ilichukua siku chache, na haikupoteza protini nyingi. Mwaka 1948 ilielekea kwamba sehemu kubwa ya soya ingepewa viwanda vya asidi, na mapipa ya kuchachusha yangeachwa matupu. Hoja ya wagawaji haikuwa ya kipumbavu. Mwenye njaa haambiwi angoje mwaka.

Wafundi wa Noda walijibu kwa njia ya katikati. Waliilainisha soya kwa asidi kidogo, kisha wakaikabidhi kwa koji na chumvi, wakapata mchuzi kwa miezi michache tu. Kampuni haikuificha njia hiyo, bali iliwaachia watengenezaji wengine waitumie bila malipo. Mgawo ukageuka, na uchachushaji ukaokoka. Katika miaka ya 1950 njia bora ya kuchoma soya kwa mvuke wa nguvu ilipunguza upotevu wa protini, na asidi ikaweza kuachwa hatua kwa hatua. Yapasa kukiri kwamba kilichookoa desturi ya kale kilikuwa nusu ya kile kilichoitishia. Waliokataa kupunguza hata siku moja pengine wangeipoteza miaka yote.

Elimu imeeleza kwa nini kungoja kulikuwa na faida. Mwaka 1908 Ikeda Kikunae alionyesha kwamba ladha ya mwani wa kombu hutokana na asidi ya glutamiki, akaiita ladha hiyo umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Kodama Shintaro alipata katika katsuobushi kitu kingine chenye ladha hiyo. Baadaye ikathibitishwa kwamba viwili hivyo vikikutana hukuza nguvu za kila kimoja. Koji, katika miezi yake, huivunja protini ya soya na kutoa glutamiki kwa wingi. Kwa hiyo mpishi aliyetia katsuobushi katika shoyu yake hakukosea hesabu, ijapokuwa hakuna aliyemfundisha hesabu hiyo.

Leo ni watu wachache wanaochachusha shoyu nyumbani, lakini mkono wa mwisho ungali wa jikoni. Nikiri hupatikana kwa kuchemsha taratibu shoyu vipimo vinne, mirin kimoja na sake kimoja, mpaka harufu ya pombe iishe. Ponzu ni shoyu na maji ya matunda chachu ya jamii ya ndimu, yaliyolazwa pamoja na kombu na katsuobushi, na jina lake lina asili ya Kiholanzi. Hivyo neno moja lilitoka Nagasaki na jingine likaingia. Irizake nayo imerudi katika nyumba na mikahawa kadha wa kadha, na mwenye kuitengeneza hufuata karibu yale yale ya mwaka 1643.

Kila chakula cha haraka kina mahali ambapo subira yake imefichwa. Katika sushi imefichwa chini ya kisahani, na mwenye kuchovya tonge lake huigusa bila kuijua. Akiitengeneza mwenyewe, japo kwa nusu saa juu ya moto mdogo, hulipa sehemu ndogo ya deni ambalo wengine walimlipia kwa miaka.