Mfahamu Akili, mtoto wa katuni mwenye maswali yasiyoisha

Kaa na mtoto wa miaka minne pale Buhare, Musoma, utaulizwa "kwa nini?" mpaka uchoke. Akili naye yuko hivyohivyo.

Akili ni mhusika mkuu wa Akili and Me, katuni ya watoto wa chekechea ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 2013, na mwaka 2014 likaanza kurusha Ubongo Kids kwenye televisheni.

Akili ana miaka 4 na anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akisinzia tu, anaingia Lala Land, nchi ya ndoto. Huko rafiki zake ni wanyama: kuna kiboko, simba mdogo na komba. Wanaimba, wanahesabu, wanajifunza herufi na maumbo.

Mtundu mwingine maarufu ni Masha wa Masha and the Bear, katuni ya Urusi iliyoanza mwaka 2009. Siku moja aliamua kupika uji mwenyewe, ukafurika mpaka ukajaa nyumba ya Dubu. Kipindi hicho kimetazamwa zaidi ya mara bilioni 4 YouTube. Dubu haongei, anaonyesha kwa vitendo tu, kwa hiyo hata asiyejua Kirusi anacheka.

Tofauti yao ni hii: Masha anavuruga, Dubu anabaki kusafisha. Akili anauliza, kisha anamsubiri mtoto anayetazama ajibu. Tena kwa Kiswahili.

Je, inasaidia? Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watoto waliotazama Akili and Me walipiga hatua zaidi kwenye kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora kuliko waliotazama vipindi vingine.

Lakini simu siyo yaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwenye mwaka 1 kushuka chini asipewe kabisa.

Kaa naye mtazame pamoja. Akili akiuliza, usimjibie, mwache ahangaike kidogo. Mkishazima simu, mwambie ahesabu sato waliopo kwenye sinia. Akikosea, anzeni tena.