Pareto si Mtaliano

Mwanafunzi wa uchumi akisikia "pareto" humkumbuka Vilfredo Pareto, yule Mtaliano. Mmea wa pareto hauhusiani naye hata kidogo. Neno letu limetokana na "pyrethrum", ambalo kwa Kigiriki lina moto ndani yake; na ajabu ni kwamba jina hilo kwanza lilikuwa la mmea mwingine, wenye mzizi unaowasha ulimi. Waliosomea Kifaransa kule Masisi, mashariki mwa Kongo, husema "pyrèthre". Mimi nashikilia pareto, maana inatamkika.

Mmea wenyewe, wenye asili ya pwani ya Kroatia, huishi miaka kadhaa na kutoa maua meupe yenye kiini cha manjano. Hautoi maua vizuri bila baridi: milima ya Masisi inayopita mita 2,000 inaufaa, ila kwenye joto la msitu wa Walikale utanawiri majani tu. Ukiupanda ukingoni mwa bustani, usiache maji yatuame. Baada ya miaka mitatu hivi, ng'oa kichaka, kigawe, upande vipande upya mvua zinapoanza. Na kumbuka: sumu ya pareto inayoua wadudu imo hasa kwenye ua, si kwenye jani.