Chemchemi katika shamba la kalinzi

Watu wengi wanafikiri kuleta maji kijijini ni kazi ya tiyo na simenti. Hapa kwetu Bushi, kuna swali linalotangulia: shamba lenye chemchemi ni la nani?

Zamani mtu alipata shamba kwa kalinzi, ni kusema alitoa ng'ombe ao mbuzi kwa mwami ao kwa chefu wake, na udongo ukabaki kwake na kwa watoto wake. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973: udongo wote ni mali ya serikali. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 ikasema vilevile juu ya maji. Lakini mlimani hakuna aliyesahau kalinzi.

Nilifundisha zamani kwenye kilima kimoja ambapo mafundi walipima vizuri kabisa. Walingoja kiangazi, mwezi wa nane, juu maji ya mvua yanadanganya. Bidoni ya litri 20 ilijaa kwa sekunde 40. Tulifanya hesabu darasani: nusu litri kwa sekunde, litri 43,200 kwa siku. Kila mtu akipata litri 20, ni watu 2,160. Lakini watu wanazaa! Wakiongezeka 3 kwa mia kila mwaka, nyuma ya miaka 20 wanakaribia kuwa mara mbili. Basi chemchemi ile ilifaa kijiji cha watu 1,100 hivi. Mafundi walijenga tanki ya kulaza maji ya usiku, sababu asubuhi wamama wote wanafika pamoja. Na kwenye mteremko waliweka visanduku vya kupunguza nguvu ya maji, juu kila metre 10 za kushuka zinaongeza bari 1, na tiyo inaweza kupasuka.

Wakasahau mzee mwenye shamba. Chefu alitia sahihi, ikatosha. Mzee alikatazwa kulima juu ya chemchemi, mihogo yake ikang'olewa, na hata kasiksi ya kumwomba hakuonjeshwa. Alipokufa, wana wake walikata tiyo mara mbili. Komite ikawashitaki, wakati kesi inaendelea, wamama walirudi mtoni na bidoni zao.

Mwisho wazee walienda kwao na mbuzi na kasiksi. Waliongea siku mbili. Mmoja wa wale wana akawa mlinzi wa chemchemi, na robine moja ikawekwa uani mwao, bila kulipa franka.