Programu ya Masomo katika Hati za Sheria: Kutoka London hadi Rongo na Homa Bay

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa kila siku katika vyuo vikuu vya Kenya bila kuulizwa maana yake ni "programu ya masomo". Mwanafunzi wa Rongo, katika Kaunti ya Migori, au wa mji wa Homa Bay, husema kwamba anafanya "kozi" fulani, na mambo yakaishia hapo. Mwanasheria hawezi kuridhika hivyo. Kwake yeye programu ni jambo linalofungwa kwa hati, na hati hiyo sharti ijibu maswali matatu: nani ameyaidhinisha yanayofundishwa, nani anayetahini, na shahada itatolewa kwa jina la nani. Historia ya vyuo vikuu viwili vya iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini yaonyesha kwamba majibu ya maswali hayo hayakukaa katika mikono ile ile kwa muda mrefu.

Yafaa kuanza na neno shahada lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni ushuhuda. Kabla ya Afrika Mashariki kuwa na chuo kikuu, Waswahili walilitumia kwa tamko la imani ya Kiislamu na kwa ushahidi wa namna nyingine, na hata vyeti viliingia humo. Neno hili limehifadhi jambo ambalo "digrii" haliwezi kulisema, yaani kwamba karatasi ya msomi haina nguvu bila ya shahidi anayesimama nyuma yake. Basi mikataba yote itakayotajwa hapa ni mikataba juu ya nani awe shahidi.

Shahidi wa kwanza alikuwa mbali. Kufuatana na mapendekezo ya Tume ya Asquith ya mwaka 1945, vyuo vya makoloni ya Uingereza viliingizwa katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Makerere iliingia katika uhusiano huo mwaka 1949, na chuo cha Nairobi kikafuata mwaka 1961. Walimu wa huku waliweza kupendekeza mabadiliko katika mihutasari ya masomo ili yalingane na mazingira yao, lakini mabadiliko hayo hayakuwa na nguvu mpaka London iyakubali. Mitihani nayo ilishirikiwa na watahini wa pande zote mbili, na shahada iliyotolewa ilikuwa ya London. Kwa hiyo masomo yalikuwa ya Kampala kwa mahali yalipofundishwa, lakini kwa sheria yalikuwa ya London.

Ni katika hali hii ndipo mpango wa Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga katika Homa Bay ya leo, unapopata maana nyingine zaidi ya ile inayosimuliwa kila mara. Wanafunzi 81 waliosafirishwa kwa ndege kwenda Marekani mwezi Septemba 1959 hawakuondoka kwa sababu ya uhaba wa nafasi za masomo nyumbani peke yake. Safari yao ilihusu pia shahidi mwingine. Watawala waliozoea kipimo cha Uingereza walizitazama shahada za Marekani kwa shaka, na ubishi uliozuka haukuwa juu ya akili za vijana hao bali juu ya hati zao. Uhuru ulipokuja, nchi ikahitaji watumishi, na haja hiyo ilisaidia sana kuupoza ubishi.

Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilichukua nafasi ya London, na vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikawa chini yake. Mwaka 1970 kikagawanyika kuwa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Kuanzia hapo Kenya ilianza kuuzalisha upya mfumo ule ule wa mlezi na mlelewa ndani ya mipaka yake. Chuo Kikuu cha Moi kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1984. Maseno ikawa chuo kikuu kishiriki chake mwaka 1990, ikajitegemea mwaka 2001.

Kutoka katika ukoo huo ndipo walipozaliwa wadogo wawili. Rongo, mahali palipokuwa na Taasisi ya Tekinolojia ya Moi, ilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Moi mwaka 2011. Mwaka 2016 Chuo Kikuu Kishiriki cha Tom Mboya kilianzishwa Homa Bay chini ya Maseno. Yaani Homa Bay ni mjukuu wa Moi, na Rongo ni mtoto wake. Maseno, ambayo miaka kumi na mitano tu kabla ya hapo ilikuwa ikilelewa, sasa ilikuwa mlezi. Vyuo vishiriki hivi vilikuwa na majengo, walimu na wanafunzi wao wenyewe, lakini programu zilipata uhalali wake kutoka katika Seneti ya chuo kilezi. Kwa upande huu, tofauti baina ya Homa Bay ya mwaka 2016 na Makerere ya mwaka 1949 ni ya umbali tu.

Lakini kulikuwa na jipya. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliweka Tume ya Elimu ya Chuo Kikuu, na kuipa kazi ya kutoa ithibati kwa vyuo na kwa programu za masomo. Seneti haikuwa tena shahidi wa pekee. Bodi za taaluma, kama zile za wahandisi na wanasheria, nazo zilidai haki ya kuikubali au kuikataa programu, na marekebisho ya mwaka 2016 yalikusudia kuukata mzozo huo kwa kuiachia Tume mamlaka hayo. Si ajabu kwamba mzozo haukukatika kwa urahisi, kwa kuwa kila upande ulikuwa na sheria yake ya kushikilia.

Rongo ilipata hati idhini ya kuwa chuo kikuu kamili mwezi Oktoba 2016, na Tom Mboya mwaka 2022. Siku hati kama hiyo inapotiwa sahihi, darasa halibadiliki: mwalimu ni yule yule, kitabu ni kile kile. Kinachobadilika ni mwenye programu. Mwanafunzi aliyeingia kabla ya siku hiyo na kumaliza baada yake amesomea chini ya mashahidi wawili, na haki yake haitegemei juhudi zake bali kifungu cha mpito, ambacho kwa kawaida ndicho kifungu kisichosomwa na mtu. Kifungu kikisema kwamba "programu" itaendelea, je, kinachoendelea ni jina la shahada, au yaliyomo katika masomo, au ahadi ya chuo kilezi ya kuitoa shahada hiyo?

Hapa ndipo mwanalugha anapoingia. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo hati idhini za vyuo hivi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri atakayezileta katika Kiswahili atakuta "kozi" ikitumiwa na Wakenya kwa masomo yote ya miaka minne na pia kwa somo moja la muhula mmoja. Atakuta "mtaala", neno ambalo asili yake ni kusoma na kudurusu, likitumiwa kwa mpango mzima wa elimu. Na "muhtasari" ukichanganywa na huo mtaala. Akiandika kwamba Tume imeipa kozi ithibati, msomaji hatajua kama kilichoidhinishwa ni shahada nzima au ni somo moja ndani yake. "Programu", ijapokuwa ni neno la mkopo, walau halina mzigo huo. Lingeweza kuwekewa mpaka wa kisheria: masomo yote yaliyoidhinishwa kuelekea shahada moja inayotajwa kwa jina, pamoja na chombo chenye mamlaka ya kuitoa. Sehemu ya mwisho ya fasili hiyo ndiyo inayomhusu zaidi yule mwanafunzi aliyeingia chini ya Maseno na kutoka chini ya Tom Mboya.