Unataka Kujifunza Web Design Online? Cheki Hizi Vitu Kabla Utume Doo

Ukiskroli TikTok dakika tano tu lazima ukutane na msee ameketi mbele ya lapi mbili akikuambia atakufunza kutengeneza tovuti kwa wiki 2, uanze kuomoka. Ofa inaisha leo usiku, tuma M-Pesa kwa hii namba.

Tulia kwanza. Hiyo doo iache kwa simu hadi ujue unauziwa nini.

Tovuti yoyote, hata ile ya benki yako, imesimama kwa vitu tatu. HTML ndio mifupa: vichwa, aya, picha, linki. CSS ni nguo na rangi. JavaScript ndio inafanya vitu vicheze ukibonyeza. Kozi ya mtu anaanza ikikurusha kwa JavaScript siku ya kwanza, itakutoa roho. Halafu kuna kozi za WordPress. Hizo ni fiti kama unataka kutengenezea duka la mtaa saiti ya haraka, ila hutatoka ukijua kucode. Na kama raha yako ni kuchora muonekano tu, tafuta ya Figma. Zote huuzwa kwa jina moja, web design, kwa hivyo soma orodha ya masomo, sio tangazo.

Hapo kwa orodha ndio utajua kama kozi imezeeka. Tafuta maneno mawili: Flexbox na Grid. Siku hizi kurasa hupangwa hivyo, na Grid iliingia kwa vivinjari vikubwa 2017. Ukipata ukurasa mzima unapangwa na table na float, hiyo video ni ya kitambo. Ikitaja Flash, hepa kabisa. Adobe waliizika mwisho wa 2020. Cheki pia kama wanafunza responsive, yaani saiti kujipanga upya kulingana na kioo. Mteja wako wa Umoja ama Kisauni ataifungua na simu, si na kompyuta ya ofisi.

Na kuna za bure ambazo si mchezo. freeCodeCamp imekuwa tangu 2014, unaandika code ndani ya kivinjari na cheti hulipii. The Odin Project pia ni bure, lakini haikubembelezi: utasoma mwenyewe, utakwama, utatafuta jibu. MDN ya Mozilla utairudia hata ukishaiva. Poa zaidi, hizi zina maandishi mengi, na maandishi hayamalizi bundles kama video. Ukiamua kununua Udemy, usilipe bei kamili, ofa zao haziishi. Kozi nyingi huko zinakubali kurudisha pesa ndani ya siku 30.

Simu pekee? Kuonja HTML, sawa, Sololearn itakusaidia. CSS kwa kioo kidogo ni kujitesa. Lapi ya mtumba inatosha, ama masaa mawili ya cyber.

Jipe wiki moja bila kulipa mtu. Tengeneza ukurasa mmoja wa kinyozi wako: bei, masaa ya kufungua, namba ya simu, picha mbili. Uweke GitHub Pages, ni bure. Ukifunguka vizuri kwa simu ya beshte yako, na bado una hamu ya kuendelea, sasa unaweza kufikiria kulipa.

Lakini unalipia nini hasa? Masomo yenyewe yamejaa bure. Kitu cha kulipia ni mtu wa kuangalia kazi yako na kukuonyesha umeharibu wapi. Kwa hivyo muulize muuzaji maswali mawili: nani atacheki code yangu, na anachukua siku ngapi kujibu? Kisha mwambie akutumie linki tatu za saiti zilizotengenezwa na wanafunzi wake, uzifungue mwenyewe. Akikutumia picha za meseji za M-Pesa badala ya linki, mblock.